Kikombe Chako Kina Gramu Ngapi?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Newala hadi Masasi hakuna mkulima anayetaka kusikia habari ya kopo. Anataka mizani. Kangomba imemfundisha: mnunuzi anakuja mlangoni na bakuli lake, bakuli linabeba zaidi ya kilo, malipo ni ya kilo moja, tena kwa bei ya chini. Novemba 2018, Rais John Magufuli alipoagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wahakiki walipita vijijini wakitafuta nani ana shamba kweli na nani amekusanya mzigo wa wenzake kwa kangomba. Kwa hiyo tofauti ya ujazo na uzito si jambo la kufundishana ukanda huu. Watu wameilipia.

Ajabu ni kwamba mtu yuleyule anayeinama kusoma mizani ya chama cha msingi mpaka nukta ya mwisho, akifika jikoni anapima unga wa ngano kwa kikombe cha chai, na leo maandazi yakitoka laini, kesho yakitoka magumu, analaumu hamira.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwafikiria zaidi wanaopika kwa ajili ya kuuza, kama wale wa Nanganga, pale barabara ya Ruangwa inapoachana na ile inayokwenda Masasi, ambako abiria ananunua andazi kupitia dirishani na hana muda wa kusikiliza kwa nini la leo ni dogo kuliko la juzi. Anayepika kwa ajili ya watoto wake nyumbani naye atafaidika, ila yeye akikosea hapotezi mteja.

Tatizo liko kwenye hewa

Jaza kikombe maji mara kumi, utapata uzito uleule mara kumi. Unga haufanyi hivyo, kwa sababu kati ya chembe na chembe kuna hewa, na kiasi cha hewa hiyo kinategemea umeutendea nini. Chukua kikombe cha mililita 250. Ukiutia unga wa ngano kwa kijiko polepole, kisha ukasawazisha juu kwa mgongo wa kisu, utapata kama gramu 125. Ukikizamisha kikombe ndani ya ndoo ya unga na kukiinua kimejaa, utapata kama 150. Ukikigonga mezani ili unga ushuke, halafu ukaongeza juu yake na kushindilia kwa kiganja, utafika 170 na zaidi. Kikombe ni kilekile, unga umetoka mfuko uleule.

Sasa tuseme mapishi ya mkate yanataka vikombe vinne vya unga na gramu 300 za maji. Mpimaji wa kwanza ametia unga gramu 500, kwa hiyo maji yake ni asilimia 60 ya unga: donge laini, linavutika, mkate utaumuka. Wa pili ametia 600, maji yameshuka hadi asilimia 50, donge limekaza. Wa tatu ametia 680, maji ni asilimia 44, na huyo ndiye atakayeongeza maji kidogokidogo huku akinung'unika, kisha asikumbuke aliongeza kiasi gani. Wote watatu watakuapia kwamba walifuata mapishi, na kweli walifuata.

Safari nayo ina mchango wake. Mifuko ya unga hufika huku imepangwa kwenye lori, wa chini umebeba uzito wa wa juu. Unga wa mfuko uliolaliwa hushikana. Ukishauchekecha, huvimba tena. Kwa hiyo hata mwenye mkono thabiti, anayejaza kikombe namna moja siku zote, atabadilishiwa kipimo na mfuko wenyewe.

Kwanza jua kikombe chako

Neno kikombe kwenye mapishi halina maana moja. Mmarekani anayefundisha keki kwenye video anakusudia chombo cha mililita 240 hivi. Wa Australia anakusudia 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kwako kinaweza kuwa 200, kinaweza kuwa 300. Na mapishi uliyopewa na jirani yamepimwa kwa kikombe cha jirani, kwa hiyo muombe akuazime kikombe chenyewe, ukipime, umrudishie.

Kukipima ni rahisi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita ambayo haijafunguliwa. Yaliyomo ni mililita 500 kama ilivyoandikwa. (Ukiijaza tena mwenyewe hadi mdomoni huzidi kiasi hicho, ndiyo maana nasema ambayo haijafunguliwa.) Mimina kwenye kikombe hadi ukingoni. Kikijaa mara mbili sawasawa, ujazo wake ni 250. Kikijaa mara mbili na maji yakabaki, chota yale yaliyobaki kwa bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la mililita 10 au 20, linalouzwa duka la dawa kwa bei ndogo: kiasi kilichobaki ukikitoa kwenye 500, ukagawa kwa mbili, umepata ujazo. Bomba hilo litunze, litakufaa kwa vijiko pia. Kijiko cha chai cha mapishi ni mililita 5 na cha chakula ni 15, lakini vijiko tunavyokorogea chai havikutengenezwa kwa kipimo hicho.

Pakiti ndiyo mizani ya kwanza

Huna mizani? Usikimbilie kununua. Pakiti ya unga wa ngano ya kilo mbili tayari imepimwa kiwandani. Ifungue, mimina unga wote kwenye beseni kavu, uchekeche au uupekeche kwa mwiko mpaka uache kushikana. Kisha jaza kikombe chako kwa kijiko, polepole, bila kugonga, sawazisha kwa kisu, mimina kwenye beseni la pili, hesabu moja. Endelea hivyo mpaka unga uishe. Cha mwisho kisipojaa, kadiria kama ni nusu au robo.

Gawa 2,000 kwa idadi ya vikombe. Vikiwa 16, kikombe chako kina gramu 125. Vikiwa 14 na nusu, ni 138. Hiyo ndiyo namba yako, na inakufaa kuliko jedwali lolote utakalolikuta kwenye simu, kwa sababu imetoka kwenye kikombe chako, unga wako na mkono wako. Kama mnapika wawili kwa zamu, kila mmoja ahesabu peke yake. Msishangae mkipishana vikombe viwili vizima.

Kwa nini nasisitiza kilo mbili badala ya moja? Kosa la kukadiria kile kikombe cha mwisho linagawanyika kwenye vikombe vingi zaidi. Mwenye kiroba cha kilo 25 asijisumbue kukihesabu chote.

Njia ya pili ni dukani. Wengi wanaona haya kwenda kwa mwenye duka na kikombe chao, na sioni sababu. Nenda wakati hakuna foleni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, nikupimie kilo ngapi?"

"Leo sinunui unga, baba. Naomba uniwekee huu wangu kwenye mizani, nijue vikombe vinne vina uzito gani."

Atacheka, atapima. Kuna faida nyingine pia: mizani ya biashara inatakiwa kukaguliwa na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo, kwa hiyo unapima kwa kitu chenye mwenyewe. Peleka vikombe vinne pamoja, usipeleke kimoja. Mizani kubwa za dukani hazisomi vizuri gramu mia na kitu, ila nusu kilo zinaisoma.

Ya tatu ni ya kujitengenezea. Tafuta kijiti chepesi kilichonyooka, kifunge uzi katikati, kining'inize. Kila upande tundika kopo tupu la siagi, yote mawili ya ukubwa mmoja, na usogeze uzi mpaka kijiti kilale sawa. Tia maji mililita 250 kwenye kopo moja. Upande wa pili tia unga mpaka kijiti kilale sawa tena. Una gramu 250 za unga, kwa sababu mililita moja ya maji ina uzito wa gramu moja.

Jambo hilo la maji wanalijua vizuri kwa shingo wanawake wa Newala, ambako uwanda wa juu hauna mito na maji yalikuwa yakifuatwa mabondeni: ndoo ya lita 20 ni kilo 20 kichwani, ukiacha ndoo yenyewe. Ndoo hiyohiyo ukiijaza unga wa ngano utabeba kilo 10 hadi 12 tu. Hapo ndipo ilipo siri yote ya kubadili ujazo kuwa uzito: kila kitu kina uhusiano wake na maji. Maziwa na tui la nazi viko karibu sana na maji, unaweza kuvihesabu sawa. Mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo, kikombe cha mililita 250 kina kama gramu 230. Sukari kwenye kikombe hicho ni gramu 210 hivi, na kwa kuwa punje zake hazishikani, haibadiliki sana kwa namna ya kujaza. Ndiyo maana ukipima sukari kwa kikombe hutaumia kama ukipima unga.

Unga wa mchele wa vitumbua ni mzito kuliko wa ngano, wa mahindi vilevile. Unga wa muhogo sikupi namba kabisa. Makopa yaliyotwangwa kinuni na kuchekechwa kwa mkono hayatoi unga sawa na ule wa mashine ya kusaga, na hata mashine mbili za kijiji kimoja hutofautiana kwa chekeche. Pima wa kwako, na ukibadilisha mashine, pima tena.

Kubadili mapishi yenyewe

Tuchukue maandazi, na kikombe chetu tukifanye kiwe cha mililita 250 chenye gramu 125 za unga. Mapishi yanasema: unga vikombe vinne, sukari nusu kikombe, tui zito kikombe kimoja, mafuta vijiko vitatu vya chakula, hamira ya chenga vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na hiliki upendavyo.

Unga unakuwa gramu 500. Sukari 105. Tui 250. Mafuta ni mililita 45, yaani gramu 41. Hamira ya chenga ina gramu kama 3 kwa kijiko cha chai, kwa hiyo 6. Chumvi laini ni gramu 6 kwa kijiko, nusu yake 3. Jumla ya donge: gramu 905.

Usiishie hapo. Geuza kila kitu kuwa sehemu ya unga, kama wanavyofanya waokaji wa viwandani: unga siku zote ni 100, vingine vinahesabiwa dhidi yake. Tui linakuwa 50, sukari 21, mafuta 8 na kidogo, hamira 1.2, chumvi 0.6. Ukishakuwa na namba hizi huhitaji tena mapishi ya vikombe vinne. Siku ya mnada unataka kutumia pakiti nzima ya kilo mbili? Tui kilo moja, ambayo ni lita moja. Sukari 420, mafuta 164, hamira 24, chumvi 12. Jumla 3,620. Siku ya mvua magari yamepungua, unataka unga gramu 700 tu? Tui 350, sukari 147. Hakuna kugawa kikombe kwa theluthi.

Na hapa ndipo biashara inapoingia. Ukikata kila donge dogo kwa gramu 45, zile 905 zinakupa maandazi 20, na pakiti ya kilo mbili inakupa 80. Ongeza gharama ya unga, sukari, nazi, hamira, mafuta ya kukaangia na mkaa, gawa kwa 80, umejua andazi moja limekugharimu nini kabla hujalipangia bei. Nazi ikipanda, unaona palepale kama upandishe bei au ukate kwa gramu 40. Pima donge bichi, usipime andazi lililoiva: kwenye mafuta linapoteza maji na kunyonya mafuta, na viwili hivyo havilingani kila siku.

Mayai ni kero ya pekee. Mapishi ya keki yakisema mayai matatu, mwandishi alikuwa na mayai ya kisasa, ambayo bila ganda yana kama gramu 50 kila moja. La kuku wa kienyeji ni dogo zaidi, mara nyingi halifiki 40 likishavunjwa. Vunja kwenye bakuli, pima, ongeza la nne kama hayajafika 150. Keki nyingi zinazokauka huku kwetu hazina kosa jingine.

Muhogo kwenye ngano

Bei ya ngano ikipanda, watu hukumbuka kwamba muhogo uko nyuma ya nyumba. Wazo si geni. Nigeria ilijaribu kulifanya sera ya nchi wakati wa Rais Obasanjo, waokaji wakatakiwa kuchanganya asilimia 10 ya unga wa muhogo. Linafanya kazi, mradi ubadilishane kwa uzito. Toa gramu 50 za ngano katika zile 500, weka gramu 50 za muhogo. Ukitoa kikombe ukaweka kikombe hujui umefanya nini, kwa sababu unga wa muhogo wa kinuni na wa mashine haukijazi kikombe sawasawa.

Anza na asilimia 10. Kwenye maandazi wengi hawatatambua. Ukifika 20, donge linaanza kukosa ule uvutano unaoshika hewa ya hamira, maana uvutano huo unatokana na protini za ngano na muhogo hauna. Zaidi ya hapo peleka kwenye vitu visivyotegemea kuumuka sana, kama biskuti za nyumbani. Unga uwe wa muhogo uliochakatwa ipasavyo na kukaushwa vizuri. Mihogo michungu iliyoharakishwa ina sumu, na mkoa wa Mtwara umewahi kupata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu.

Ukinunua mizani ya jikoni

Ndogo ya betri inayobeba kilo 5 na kusoma gramu moja inatosha. Iweke mahali bapa, mbali na feni. Weka beseni tupu, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, tia unga, bonyeza tena sifuri, tia sukari juu yake, hivyohivyo. Unaosha beseni moja badala ya vikombe vitano. Mara moja moja ijaribu kwa chupa ya maji: pima chupa ya nusu lita ambayo haijafunguliwa, kunywa maji, pima chupa tupu, tofauti iwe 500. Ikianza kuhamahama, badilisha betri kwanza kabla hujailaani.

Vitu vidogo kama hamira gramu 3 usiiamini sana. Mizani inayosoma gramu nzima inaweza kukosea gramu moja, na hiyo ni theluthi ya hamira yako. Hapo kijiko cha mililita 5 kina haki ya kubaki. Kwenye unga, gramu tano huku au kule hazina neno, usikeshe ukiondoa chembe kwa ncha ya kisu. Na mizani hii ni ya jikoni tu. Ukitaka kuuza unga au makopa kwa kilo, tafuta yenye chapa ya Wakala wa Vipimo.

Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikinyesha, unga ulioachwa wazi hunyonya unyevu. Uzito utausoma uleule, lakini sehemu yake sasa ni maji, kwa hiyo bakiza gramu 20 za tui na uzitie mwishoni kama donge linazihitaji. Newala nako, kwa ule ubaridi wake wa asubuhi, donge litachelewa kuumuka. Lipe muda au lisogeze karibu na jiko, usiongeze hamira.

Limebaki la mama na bibi, ambao hawana kikombe wala mizani na maandazi yao yanakushinda. Ukimuuliza bibi anatia unga kiasi gani atakwambia "wa kutosha", na usimkatize kwa kumshikisha kikombe, atapika vibaya kwa sababu ya kukuridhisha. Kabla hajaanza, pima ndoo ya unga ilivyo. Pima bakuli la sukari, sufuria ya tui, chupa ya mafuta. Muache apike kwa mkono wake, aongeze, apunguze, amimine bila kuangalia. Akimaliza kukanda, pima vyombo vyote tena. Kilichopungua ndicho alichotumia. Fanya hivyo na siku nyingine akipika, uone mkono wake unacheza kiasi gani, kisha gawa kila kitu kwa uzito wa unga na uandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mfuniko wa ndoo.